Jinsi ya kumsikiliza Věra Soukupová: huyu mama yuko pembeni, mfuate huko huko

Kwanza kabisa angalia spidi. Nasema hivi kwa sababu mi mwenyewe mara ya kwanza kumsikia huyu mama, mwimbaji wa opera wa Kicheki, nilimsikia vibaya, nikadhani ni binti wa miaka kumi na sita, kumbe tatizo lilikuwa la mashine. Mi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, natengeneza sabufa, redio, tivii za chogo zilizobaki na siku hizi hizi spika za bluetooth zinazokufa chaji kila wiki, basi mwaka juzi akaja mzee mmoja na radiogramu ya kabati la mbao, imeletwa kwa mkokoteni toka Chumbageni, akaniambia mwanangu itengeneze iimbe tu, siiuzi. Ndani santuri bado iko juu ya sahani, lebo Supraphon, kampuni ya Kicheki, sauti ya huyo huyo Soukupová imo, ya pili katika seti ya santuri mbili, ile ya kwanza anasema ilishapotea zamani. Mzee alisoma Prague, Czechoslovakia, enzi zile vijana wetu wanapelekwa nje, kulikuwa na chuo kule kinaitwa cha 17 Novemba, kilifunguliwa 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikafungwa 1974.

Sasa swichi ya spidi ilikuwa imeganda kwenye 45 na santuri ni ya 33. Ukifanya hivyo sauti yote inapanda kama nusu toni tano hivi, besi anakuwa tenor, na mama mwenye sauti ya chini kabisa anakuwa katoto. Nikaisafisha swichi, nikabadilisha raba, nikairudisha 33, nikaweka sindano pale pale. Aisee. Nilikaa kwenye stuli na bisibisi mkononi, mteja mwingine kasimama mlangoni na rimoti yake namuona ila simjibu.

Basi haya ninayoandika ni kwa mtu kama mimi, ambaye hajawahi kukanyaga jumba la opera, hajui Kijerumani wala Kicheki, ana simu, ana bando na ana hamu. Nshapoteza muda mwingi kwa kuanzia pabaya, we usipoteze.

Jina lake limeandikwa na vidude juu lakini usihangaike na kibodi, andika tu Vera Soukupova utampata. Ila hakikisha ni yeye, maana Soukupová ni jina la ukoo la kawaida kule na hiyo -ová mwishoni inaonyesha tu kwamba ni mwanamke, kwa hiyo utakutana na wacheza filamu na wanamichezo kibao. Kulitamka, sisi tumezoea kukazia silabi ya pili toka mwisho, Wacheki wanakazia ya kwanza kila neno, kwa hiyo ni VYE-ra SOU-kupovaa, kanyaga mwanzo afu acha mwisho urefuke. Na Dvořák utakayekutana naye hapa chini ni kama Dvorzhaak, hiyo r yao yenye kofia hata watoto wao wanachelewa kuiweza sembuse mimi. Mama huyu kazaliwa 1932, kaimba miaka mingi kwenye Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho pale Prague, na sauti yake inaitwa kontralto.

Kontralto ni nini? Wenzetu wa kwaya watakuelewa haraka, ile sauti ya pili, alto, sasa chukua alto wa kweli, si yule soprano aliyepelekwa sauti ya pili kwa sababu anakohoa, alto ambaye akishuka chini ndo anapata nguvu badala ya kuishiwa. Hao ni wachache duniani, wanawake wengi wa opera wako juu au katikati. Sisi wa pwani tuna bahati tumelelewa na sauti nzito za kike, mtu aliyemsikia Bi Kidude hawezi kushtuka akisikia mwanamke anaimba toka kifuani. Tofauti ni kwamba opera haina maiki. Hamna kipaza sauti, hamna eko, mtu anasimama mbele ya wapigaji themanini au mia na inabidi asikike mpaka kiti cha nyuma kwa kifua chake tu. Na sauti ya chini ndo ngumu zaidi kusikika, maana huko chini kumejaa sello, tromboni na mabesi yote, ni kama kuongea na mtu pale stendi wakati mabasi yanapasha injini. Kwa hiyo kila unapomsikia Soukupová chini kabisa na bado neno linakufikia, ujue hapo pana kazi.

Sasa hapa ndo penye siri yote na kama utaacha kusoma baada ya hapa sawa tu. Huyu mama usimtafute katikati. Kwenye taarab mwimbaji anakaa mbele, kavaa, katuzwa, wimbo ni wake toka mwanzo mpaka mwisho. Kontralto hana maisha hayo. Watunzi walimpa soprano mapenzi, wakampa tenor, sauti ya juu ya kiume, mapenzi, wakabaki na sauti nzito ya mwanamke hawajui waifanyie nini wakaipa bibi, mchawi, mama mkwe, mama mzazi, na mara moja moja ardhi yenyewe. Anatokea dakika tano, anasema jambo ambalo linageuza hadithi nzima, anaondoka. Kwa hiyo ukiweka opera ya masaa matatu eti unamsubiri utalala kabla hajatoka, na ukitafuta "nyimbo kumi bora za Soukupova" utapata vipande vimekatwa ovyo. Urithi wake umetawanyika pembeni kwenye rekodi ambazo kwa mbele zimeandikwa majina ya watu wengine. Dawa ni kujua pembe ziko wapi, na mi nitakupeleka.

Ila kwanza vyombo. Sabufa yako punguza besi. Najua inauma, mtu kanunua sabufa kwa ajili ya besi, lakini hizi sabufa zetu zimetengenezwa zipige ngoma, zinavimbisha pale chini mpaka sauti ya kontralto inakuwa uji, huwezi kutenganisha mwimbaji na sello. Weka kitufe cha besi katikati au chini ya katikati, trebo iongeze kidogo. Kama una hedifoni za kufunika sikio ni bora zaidi hata za bei ya chini. Feni izime, hata ya juu, mlio wa feni unakaa kule kule chini anakoimba yeye. Muda mzuri ni baada ya Isha wakati bodaboda zimepungua, na danlodi mapema kwenye programu yako kwa bando la usiku, maana hakuna kitu kinaudhi kama video kuzunguka mama wa watu akiwa katikati ya neno. Na tafadhali usimpokee kwa WhatsApp toka kwa mtu aliyerekodi kwa simu mbele ya spika nyingine, hiyo ni kivuli cha kivuli.

Anzia kwa Prokofiev, mtunzi wa Kirusi. Nasisitiza anzia hapa japo si opera na si Kicheki. Mwaka 1938 Prokofiev aliandika muziki wa filamu ya Eisenstein kuhusu Alexander Nevsky, yule aliyepigana na Wajerumani juu ya ziwa lililoganda barafu mwaka 1242, afu 1939 akaugeuza kuwa kantata, yaani kazi ya kwaya na okestra, ya vipande saba. Soukupová aliirekodi miaka ya 60 na Karel Ančerl akiongoza Czech Philharmonic. Kwenye vipande saba yeye yupo kimoja tu, cha sita. Cha tano ni vita, kirefu, kelele, matarumbeta, ngoma. Usikiruke chote, weka zile dakika za mwisho za vita ili masikio yako yaingie kwenye cha sita yakiwa yametoka kwenye vurugu, nyuzi zinaanza polepole, afu anaingia.

Anaimba binti anayetembea usiku kwenye uwanja wa maiti. Anawatafuta vijana waliokufa, huyu kakatwa na upanga, huyu kachomwa na mshale, anasema nitawabusu macho yao, na yule shujaa aliyebaki hai nitakuwa mke wake mwaminifu, sitaolewa na mzuri wa sura maana uzuri unaisha, nitaolewa na jasiri. Dakika kama sita basi. Kirusi hujui, sawa, hadithi nshakupa, sasa sikiliza kitu kimoja tu: halii. Ndo jambo lililonishika mimi. Sisi tumezoea mtu akiimba msiba anavunja sauti, anakwikwi, na soprano wengi wanafanya hivyo pia. Huyu anatembea tu. Mstari unakwenda sawa kama mtu aliyebeba taa mkononi na hataki izimike, uzito wote uko kwenye rangi ya sauti si kwenye kwikwi. Ukisikia mara ya kwanza ukaona ni baridi, rudia kesho yake.

Huyo Ančerl nikwambie kidogo, aliongoza ile okestra kuanzia 1950 hadi 1968, na kabla ya hapo alipita Auschwitz akatoka hai, familia yake haikutoka. Majeshi ya Urusi na wenzake yalipoingia Czechoslovakia 1968 akahamia Kanada. Sisemi kwamba hilo linasikika kwenye santuri, mambo hayo watu wanayaongezea, ila jina lake ukiliona kwenye jaketi pamoja na la Soukupová chukua bila kuuliza.

Pembe ya pili ni ile santuri ya mzee. Stabat Mater ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ni sala ya Kilatini ya Mariamu chini ya msalaba, rekodi ya 1961, Václav Smetáček anaongoza, waimbaji wengine ni Stefania Woytowicz, Ivo Žídek na Kim Borg. Soukupová hajafikisha hata miaka thelathini hapo. Kazi yenyewe ina historia ya kuumiza: Dvořák alizaa binti 1875, Josefa, akafa baada ya siku mbili, mwaka uliofuata akaanza kuandika, akaiweka pembeni. Agosti 1877 akafa binti mwingine, Růžena, hajafikisha mwaka, na Septemba hiyo hiyo mtoto wa kiume Otakar akafa kwa ndui, siku ya kuzaliwa ya baba yake. Nyumba ikawa tupu. Ndo akarudi kwenye ile kazi akaimaliza mwaka huo huo.

Iko sehemu kumi. Nenda ya tisa, imeandikwa Inflammatus et accensus, hiyo ni yake peke yake. Inaanza na besi zinatembea moja mbili tatu nne, mwendo wa watu waliobeba jeneza na hawataki kukimbia wala kuchelewa, na yeye anaingia juu ya mwendo huo. Mi si Mkristo lakini maneno nilipotafsiriwa nikayaelewa bila shida, anaomba atetewe siku ya hukumu asije akaungua na moto, sasa nani wa pwani ya Tanga atasema hajui Kiyama ni nini. Kusikiliza hapa kuna mambo mawili. Moja, maneno yanarudi, mstari ule ule unaimbwa tena na tena, na kila anaporudia usisikilize maneno sikiliza anaweka uzito wapi, mara ya kwanza anaomba kama mtu aliyezoea kuomba, kule mbele anaomba kama mtu aliyeanza kuona ule moto. Ya pili, anaposhuka. Waimbaji wengi wakishuka wanabadilisha gia, unasikia kabisa krak, sauti ya juu ni ya mtu mmoja na ya chini ni ya mtu mwingine. Yeye ngazi zote ni za nyumba moja.

Hapa narudi kwenye spidi. Hii sehemu ya tisa iko kwenye ki ya D maina, yaani noti yake ya nyumbani ni D. Rekodi nyingi mtandaoni watu wamezipakia toka kwenye santuri kwa mashine ambazo hazijapimwa, zingine zinakimbia kidogo, huwezi kugundua kwa sikio ila sauti nzito inapoteza uzito wake. Chukua simu nyingine yenye tyuna ya gitaa iweke karibu na spika pale mwanzoni kwenye besi. Kama inakaa kwenye D poa. Kama inakaribia E flati hiyo tupa, tafuta nyingine. Nimeona watu wanabishana sauti ya mtu ilikuwa nyepesi au nzito wakati wanachobishania ni mota ya jamaa fulani.

Ya Janáček, mtunzi mwingine wa Kicheki, ile Misa ya Kiglagoliti, nitaipitia haraka. Ančerl tena, 1963, na ni rekodi kubwa kweli, misa imeandikwa 1926 kwa Kislavoni cha kale cha kanisa na inapiga kama bendi ya harusi. Ila ukiiendea kwa ajili ya Soukupová utacheka, maana mtunzi alimpa alto mistari michache tu kule mwishoni, mtu kavaa kakaa kitini muda wote ule anasubiri zamu yake. Iweke uisikie nzima kwa raha zake, na alto akitokea utamjua, hutahitaji kuambiwa.

Sasa kubwa. Erda, ile ardhi yenyewe.

Kuna mtunzi wa Kijerumani, Wagner, aliandika opera nne zinazofuatana, jumla kama masaa kumi na tano, na usiogope, sikutumi huko. Ana ukumbi wake alioujenga mwenyewe Bayreuth, ulifunguliwa 1876, okestra imefichwa chini ya jukwaa ndani ya shimo lenye kifuniko, ili waimbaji wasizamishwe. Mwaka 1966 Karl Böhm akiongoza pale walirekodi Das Rheingold na Siegfried mbele ya watu, na mbili zilizobaki wakazirekodi mwaka uliofuata. Erda kwenye hizo za 1966 ni Soukupová. Mcheki kaitwa kwa Wajerumani kuimba ardhi yao.

Kabla hujabonyeza ujue hadithi ya hiyo Das Rheingold maana bila hadithi ni mama anaongea tu. Mungu mkubwa, Wotan, kajengewa kasri na majitu mawili, mafundi ujenzi, na bei aliyoahidi ni shemeji yake Freia. Sasa hataki kumtoa, wanakubaliana alipe dhahabu, dhahabu irundikwe mpaka imfunike yule dada asionekane. Inarundikwa yote, bado kuna tundu moja, jitu linasema naona jicho lake bado. Kilichobaki ni pete tu kidoleni kwa Wotan, pete yenye laana. Wotan anakataa kabisa. Wote wanamsihi, anakataa. (Fundi akidai chake mteja anakuwa mkali, haya mambo hayakuanza leo.) Ghafla taa zinazima, mwanga wa buluu unatoka kwenye mwamba, na toka ardhini anapanda mwanamke nusu mwili.

Tafuta kipande kimeandikwa Weiche, Wotan, weiche, maana yake achia, Wotan, achia. Dakika tano sita. Kabla hajaimba sikiliza okestra chini, kuna noti zinapanda polepole ngazi kwa ngazi, hiyo ndo Erda anatoka. Ukirudi mwanzo kabisa wa opera, dakika ya kwanza kabisa, utazikuta noti za namna hiyo hiyo zinapanda lakini za furaha, ni maji ya mto. Wagner kachukua maji akayatia huzuni yakawa ardhi. Afu yule mama anasema najua yote yaliyokuwa, yaliyopo na yatakayokuja, na kila kilichopo kina mwisho. Hapo aliposema mwisho zile noti zinageuka zinashuka. Sikia anavyolitoa, hatishii. Mtu anayetisha anapandisha sauti, yeye hana haja ya kupandisha, ni kama bibi yako akikwambia usipite njia ile leo, hakupi sababu na hupiti.

Na kwa sababu ni mbele ya watu utasikia na miguu ya jukwaani na mtu anakohoa. Wengine hawapendi, mi napenda, nikisikia kikohozi najua kuna binadamu alikaa pale usiku ule akasikia hivi hivi. Akishazama Wotan anataka kumkimbilia amshike amwambie zaidi, wanamzuia, na hapo hapo anaitoa pete. Dakika tano zile ndo zimegeuza kila kitu. Ukishaipenda, nenda Siegfried mwanzo wa sehemu ya tatu, Wotan kazeeka anakuja kumwamsha Erda usingizini, hapo ni refu zaidi na Erda kachoka, hana tena majibu, na Soukupová anaimba kama mtu aliyeamshwa kweli, sauti ina usingizi ndani mwanzoni afu inafunguka. Nilimwekea shangazi yangu hiyo bila kumwambia kitu, shangazi ni mtu wa Black Star na Lucky Star, taarab za hapa Tanga, toka ujana wake, opera haimhusu, akaniuliza huyo mama mbona wanamsumbua.

Shangazi huyo huyo ndo alinisaidia kuielewa pembe ya Ježibaba. Rusalka ya Dvořák, ilitoka Prague Machi 1901, ni hadithi ya binti wa majini, wa ziwani, kampenda mwanadamu, anataka awe mtu. Kuna wimbo wake maarufu anaimbia mwezi, kila mtu ataishia hapo, we hapo ndo uanzie, maana wimbo ukiisha tu anamwita Ježibaba, mganga. Rekodi ya kutafuta ni ya Václav Neumann, 1982 hadi 1983, Rusalka ni Gabriela Beňačková na Ježibaba ni Soukupová. Mganga anauliza bei. Wewe utanipa nini? Na bei ni kwamba ukiwa kwa wanadamu utakuwa bubu, na huyo bwana akikusaliti mmelaaniwa wote wawili. Akishakubali anapika dawa na kusema maneno yake, čury mury fuk, na muziki unageuka ghafla wa kuchezeka, ka ngoma ya harusi. Nilimweleza shangazi akasema huyo mganga wa kweli, wa uongo hakwambii masharti mapema. Watu wa mikoani wanaotusema sisi wa Tanga kwa mambo haya wacheke, ila nadhani sisi tunaielewa hii sehemu kuliko wao.

Hapa Soukupová ana miaka hamsini na kidogo na ukimlinganisha na ile ya 1961 utasikia miaka ishirini na moja imepita, kingo za sauti zimekwaruza kidogo, na ndo imekuwa tamu zaidi kwa kazi hii, anacheka ndani ya sauti, anaibana, anaiachia. Mtu aliyeimba Erda bila kutikisika hapa anatikisika kwa makusudi. Sehemu ya pili ya opera iruke kwa leo, hayumo. Ya tatu anarudi anampa Rusalka kisu, muue huyo bwana utapona, binti anakitupa ziwani. Na kuna kitoto cha jikoni kinaletwa na mlinzi wa msitu kuomba dawa ya bwana mkubwa, mganga anakitisha, hapo ni kicheko kitupu.

Ukimaliza hapo, weka Ježibaba ya Marta Krásová. Huyu ndo aliyemtangulia pale Prague, kazaliwa 1901 mwaka ule ule wa Rusalka, kafariki 1970, rekodi yake ni ya 1952 na Jaroslav Krombholc. Krásová ni mkali, anauma maneno, mganga wake unamwogopa. Wa Soukupová unaweza kukaa naye ukanywa kahawa kabla hujagundua amekumaliza. Sikwambii yupi bora, mi mwenyewe nabadilika kila mwezi.

Kuna na Oedipus Rex ya Stravinsky, Ančerl tena, yeye ni malkia Jocasta, sehemu ya pili inaanza na yeye akiwakemea wafalme kwamba hawaoni haya kugombana mjini kwenye maradhi. Kilatini, kigumu, kizuri, ukiwa tayari utaiendea mwenyewe.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna kontralto mwingine, Ernestine Schumann-Heink, kazaliwa 1861 Libeň, sasa ni ndani ya Prague, japo yeye alikuwa wa lugha ya Kijerumani na maisha yake yakaishia Marekani. Aliimba Erda mara ya mwisho kwenye jumba la opera la Metropolitan, New York, 1932, ana miaka 70, na 1932 ndo mwaka aliozaliwa Soukupová, nimeipenda hiyo. Rekodi zake nyingi ni za kabla ya 1925, wakati hakuna maiki, unaimbia kwenye pembe la bati na sindano inachora. Kusikiliza hizo kunataka moyo, ni mchanga unamwagika na ndani ya mchanga kuna mtu. Usiongeze sauti, punguza, ukipunguza sikio linaacha mchanga linamfuata mtu. Mbinu hiyo nilijifunza kwa santuri za Siti binti Saad, zile walizorekodi Bombay 1928, japo hizo zilishakuwa za umeme na ziko wazi zaidi.

Kitu cha kuepuka, yale maneno ya "anaimba kama mwanaume". Haimbi kama mwanaume. Weka Kim Borg kwenye ile ile Stabat Mater, ni besi, mwanaume kamili, afu weka yeye, utasikia mmoja yuko chini kwa sababu ndo kwao na mwingine kashuka na kote alikopitia kakubeba. Na mahali pengine utakuta wamemwandika mezo, yaani sauti ya kike ya katikati, usibishane nao, mabango hayo yanabadilika kwa kila kampuni.

Chukua daftari uandike dakika. Mi langu lina Nevsky kipande cha sita, Stabat ya tisa, Erda mbili, Ježibaba baada ya mwezi, yote kwenye fleshi moja, nusu saa na ushee hivi, mtu akija dukani akakaa kusubiri redio yake anaisikia apende asipende. Mmoja aliomba nimtolee nakala. Wengine wanaomba niweke singeli.

Mzee wa Chumbageni alivyokuja kuchukua radiogramu yake nilitaka kumfurahisha, nikawa nimemtafutia ile nusu ya kwanza ya Stabat Mater aliyoipoteza, nikaiunganisha na spika ya bluetooth nikamwambia shikamoo mzee, kaa usikie, miaka hamsini hujasikia hii. Akakaa. Okestra ikaanza, ndefu, kwaya ikaingia, ndefu. Akasikiliza kama dakika nne kofia iko magotini, afu akasema mwanangu zima hiyo, niwekee ile yangu.